Mjumbe Katika Damu

Msomaji, kama umelelewa katika nyumba ya wafugaji, bila shaka umepata kuona mbuzi dume wawili wa zizi moja, mmoja beberu na mwingine maksai. Beberu ana shingo nene, na harufu yake hutangulia mwili wake. Akipita upande wa juu wa upepo, hata kipofu atajua ni nani aliyepita. Maksai, ijapokuwa alizaliwa siku ile ile, hunenepa kwa utulivu, wala harufu ile hana. Wazee wetu walilijua jambo hili pasipo kufungua kitabu. Walijua kwamba mnyama akiondolewa kiungo kimoja kidogo, hata ngozi yake ya mahali pengine, mbali na kiungo kile, hubadilika. Lakini kujua kwamba jambo liko ni kitu kimoja, na kujua kwa nini liko ni kitu kingine. Safari ya wanadamu kutoka kwenye ujuzi wa kwanza mpaka wa pili ilichukua zaidi ya miaka elfu mbili.

Habari za safari hiyo zakuhusu wewe mwenyewe. Yamkini leo asubuhi ulijitazama katika kioo ukaona chunusi mpya kwenye paji la uso. Yamkini wewe ni mvulana unayehesabu nywele tatu za kidevu, au msichana aliyeanza kuona haya kwa sababu ya ngozi yake. Na yamkini mtu amekwisha kukuambia kwamba anayo dawa ya mambo hayo, akitaja na bei yake. Kabla hujatoa fedha yako, tafadhali sikiliza kisa hiki.

Katika Ugiriki ya kale aliishi mwanafalsafa Aristotle, aliyezaliwa mwaka 384 na kufa mwaka 322 kabla ya Kristo. Alikuwa na desturi ya kutazama viumbe kwa makini na kuandika aliyoyaona. Aliandika kwamba mtu aliyehasiwa tangu utoto hamei ndevu, wala hapati upara. Waganga wa zamani zile, katika vitabu vinavyohusishwa na jina la Hippocrates, walikuwa wamesema vivyo hivyo juu ya matowashi. Macho yao hayakukosea. Walipotaka kueleza sababu, ndipo walipopotea. Aristotle alidhani kwamba upara hutokana na upungufu wa joto na unyevu wa kichwani. Hapakuwa na mtu wa kumsahihisha, maana hapakuwa na njia ya kujaribu. Neno lake lilibaki vitabuni karne baada ya karne.

Aliyeleta njia ya kujaribu alikuwa Mjerumani, Arnold Adolph Berthold, mwalimu katika chuo kikuu cha Göttingen, na vyombo vyake vilikuwa jogoo sita wachanga. Kila mfugaji ajua alama za jogoo: ule upanga mwekundu uliosimama juu ya kichwa, na zile ndevu za nyama zinazoning'inia chini ya mdomo. Upanga huo ni ngozi, tena ngozi yenye kusema, kwa kuwa ukubwa wake na wekundu wake huonyesha hali ya mwenyewe. Jogoo akihasiwa, upanga hunywea na kupauka, wala hawiki tena kama jogoo.

Berthold aliwahasi jogoo wake. Baadhi yao aliwaacha hivyo hivyo. Wengine aliwarudishia korodani ndani ya tumbo, mahali pasipo pake pa asili, hata wengine walipewa korodani za wenzao. Waliohasiwa tu wakawa wapole na wenye panga ndogo. Wale waliorudishiwa walikua jogoo kamili: waliwika, walipigana, na panga zao zikawa nyekundu. Berthold alipowachinja na kuwapasua aliona kwamba korodani zilizohamishwa zilikuwa zimeota mishipa mipya ya damu, lakini mishipa ya fahamu ya kwanza ilikuwa imekatwa. Basi, kama habari haikupita katika mishipa ya fahamu, ilipita wapi? Mwaka 1849 aliandika jibu lake katika kurasa chache sana: korodani hutia kitu katika damu, na damu hukipeleka mwili mzima. Lilikuwa jibu la kweli, lakini wakati wake haukuwa tayari kulipokea, nalo likasahauliwa kwa miaka mingi.

Waliokuja baadaye hawakuwa wote na subira ya Berthold. Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyezaliwa mwaka 1817 katika kisiwa cha Morisi, ndani ya Bahari yetu ya Hindi, alikuwa daktari mwenye sifa kubwa huko Paris. Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alitangaza mbele ya wenzake kwamba amejidunga sindano ya maji yaliyotolewa katika korodani za wanyama, na kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Leo twajua kwamba maji hayawezi kutoa homoni ile kwa kiasi cha kufaa kitu. Nguvu alizozisikia zilikuwa nguvu za matumaini yake. Lakini habari ilikwisha kuruka. Upesi wakatokea wachuuzi huku na huku wakiuza maji ya ujana kwa watu wazima waliochoka. Angalia jambo hili vizuri, msomaji, maana utakutana nalo tena katika habari hii: elimu ilipopiga hatua moja, biashara ilikuwa imekwisha kupiga hatua tatu.

Mwaka 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walithibitisha kwamba mwili waweza kweli kutuma habari kwa njia ya damu. Walikuwa wakichunguza utumbo wa mbwa. Walikata mishipa ya fahamu ya sehemu moja, lakini utumbo ulipoguswa na asidi, kongosho lilitoa maji yake kana kwamba limepokea amri. Kulikuwa na kitu kilichosafiri katika damu. Mwaka 1905 Starling alivipa vitu vya namna hiyo jina la homoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea au kuamsha. Kwa lugha yetu twaweza kusema kwamba homoni ni mjumbe: tezi humtuma, damu humbeba, naye hubisha hodi kwenye seli, yaani zile chembe hai ambazo kwazo mwili umejengwa.

Jina lilikuwa limepatikana, lakini mjumbe mwenyewe hakuwa ameonekana. Mwaka 1927, katika mji wa Chicago, Fred Koch na mwanafunzi wake Lemuel McGee walikwenda kwenye machinjio makubwa ya mji ule wakapata korodani za mafahali. Katika ratili 40 za nyama hiyo walipata miligramu 20 tu za kitu walichokitafuta. Walijuaje kwamba ndicho? Walimdunga jogoo aliyehasiwa, wakatazama upanga wake. Upanga ukaota ukawa mwekundu. Yule yule jogoo wa Berthold akawa mizani ya wataalamu. Mwaka 1935 homoni hiyo ilipatikana ikiwa safi huko Amsterdam, ikaitwa testosteroni, na katika mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka wakaweza kuitengeneza kwa ufundi wa kemia. Mwaka 1939 wawili hao walitunukiwa tuzo ya Nobel.

Sasa hatuna budi kusimama kidogo ili tuutazame unywele wenyewe, maana asiyejua desturi za mpokeaji hawezi kuelewa kazi ya mjumbe. Kila unywele huota ndani ya kifuko chembamba kilichozama katika ngozi. Kichwani mwa mtu kuna vifuko kama 100,000. Kila kimoja kina majira yake, kama shamba lilivyo na majira ya kukua, ya kuvuna na ya kupumzika. Majira ya kukua huchukua miaka miwili hata sita, na katika muda huo unywele huongezeka karibu sentimeta moja kwa mwezi. Baada ya hapo kifuko hunywea kwa majuma mawili au matatu. Kisha hupumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi. Unywele wa zamani hudondoka na mwingine huanza. Mwaka 1926 mtaalamu F. W. Dry, aliyekuwa akichunguza manyoya ya panya wadogo, aliyapa majira hayo majina yanayotumika hata leo: anajeni, katajeni na telojeni. Kwa kuwa vifuko havifuatani pamoja, mtu hupoteza nywele 50 hata 100 kila siku, wala hana sababu ya kuogopa.

Homoni ndizo zinazoweza kuyarefusha au kuyafupisha majira hayo. Mama mjamzito ana homoni nyingi za kike katika damu yake, nazo huzizuia nywele nyingi zisiingie katika mapumziko. Kwa hiyo nywele zake huonekana kuwa nyingi. Akisha kujifungua, homoni hizo hupungua kwa ghafula, na miezi michache baadaye nywele zilizokuwa zimechelewa hudondoka pamoja. Mama wengi wameogopa walipoona kitana kimejaa nywele, wengine wakidhani kwamba wamerogwa na jirani. Lakini ni majira tu. Kwa kawaida nywele hurudi kabla mwaka haujaisha.

Mwenye kuonyesha kwa ushahidi kazi ya homoni ya kiume katika ngozi ya binadamu alikuwa Mmarekani, James B. Hamilton. Mwaka 1941 alieleza kwamba homoni hiyo ndiyo sababu kubwa ya chunusi. Hizi huja wakati wa kubaleghe, homoni inapoziamuru tezi za mafuta zilizo kando ya nywele zifanye kazi kwa nguvu. Wasichana nao wanayo homoni hiyo kwa kiasi kidogo, kwa hiyo nao hupata chunusi. Basi anayemcheka mwenzake darasani akisema kwamba chunusi zake ni uchafu, au ni malipo ya mwenendo mbaya, anacheka jambo asilolijua.

Mwaka 1942 Hamilton aliandika juu ya upara. Alikuwa amewachunguza wanaume ambao miili yao ilikosa homoni hiyo tangu ujana. Hawakuwa na upara, kama Aristotle alivyosema. Walipopewa testosteroni, wale ambao katika ukoo wao kulikuwa na wenye upara walianza kupoteza nywele; wale ambao ukoo wao haukuwa na upara hawakuzipoteza. Dawa iliposimamishwa, upara ulisimama pale ulipofika, lakini nywele zilizokwenda hazikurudi. Hivyo ilijulikana kwamba homoni peke yake haitoshi kuleta upara: hapana budi uwepo na urithi wa ukoo, na upite muda.

Hapa, msomaji, pana kitendawili, na ndicho kiini cha habari yangu. Homoni ile ile inayokiotesha kidevu cha kijana ndevu nyeusi ndiyo inayomvua baba yake nywele za utosini. Ile ile, katika damu ile ile, katika saa ile ile. Inawezekanaje mjumbe mmoja alete neno moja, na nyumba moja ifanye arusi na nyingine ifanye matanga?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1959, wakati daktari Norman Orentreich wa New York alipoandika juu ya kazi yake ya kuhamisha nywele. Alikata vipande vidogo vya ngozi nyuma ya kichwa, mahali ambapo hata wenye upara hubaki na nywele, akavipandikiza utosini palipokuwa na upara. Kama kosa lingekuwa la damu au la mahali, nywele zile nazo zingalikufa. Hazikufa. Ziliendelea kukua utosini kana kwamba zingali kisogoni. Kila kifuko kilikuwa kimechukua tabia yake na kuhama nayo. Neno la mjumbe lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika masikio ya wasikilizaji.

Katika miaka ya 1960 ikafahamika pia kwamba wasikilizaji wengine hulibadili neno kabla ya kulitumia. Ndani ya ngozi kuna kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, iitwayo dihidrotestosteroni. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walitoa habari za jamaa fulani katika Jamhuri ya Dominika, ambako baadhi ya watu walizaliwa bila kimeng'enya hicho kufanya kazi ipasavyo. Wanaume wao walikuwa na testosteroni ya kutosha, lakini ndevu zao zilikuwa haba, na nywele za mapaji yao hazikurudi nyuma. Mambo yakawa wazi. Kifuko cha kidevuni kikiisikia homoni ile yenye nguvu, hurefusha majira ya kukua, na malaika laini ya utoto hugeuka ndevu. Kifuko cha utosini cha mtu mwenye urithi wa upara kikiisikia, hufupisha majira yake mwaka hata mwaka, mpaka unywele mnene urudi kuwa malaika. Kutokana na elimu hiyo ilitengenezwa dawa ya kukizuia kimeng'enya, nayo ilikubaliwa huko Marekani mwaka 1997 kwa upara wa wanaume. Ni dawa ya kupewa na daktari, na nguvu yake hukoma mtu anapoacha kuitumia.

Hapo utaelewa pia kwa nini wembe hauna hatia. Vijana wengi husema kwamba ukinyoa ndevu zitaota nene zaidi. Mwaka 1928 Mmarekani Mildred Trotter alilipima jambo hilo akaona kwamba kunyoa hakubadili ukuaji wa unywele. Wembe hukata kilicho juu. Mjumbe hufanya kazi chini, mahali wembe usipofika.

Rangi ya ngozi nayo ina wajumbe wake. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London alieleza ugonjwa uliowadhoofisha watu mpaka kufa, na huku ngozi zao zikizidi kuwa nyeusi. Alipowapasua maiti aliona kwamba zile tezi ndogo zilizo juu ya figo zimeharibika. Sababu ilijulikana muda mrefu baadaye. Tezi iliyo chini ya ubongo huziita tezi za figo kwa homoni yake; zisipoitika, huita kwa nguvu zaidi na zaidi, na sauti hiyo huziamsha seli za rangi katika ngozi. Katika miaka ya 1950 Aaron Lerner na wenzake wa chuo kikuu cha Yale walifaulu kuitenga homoni inayotia ngozi giza. Tena imethibitishwa kwamba watu wote, weusi na weupe, wana seli za rangi karibu idadi moja; tofauti ni kiasi cha rangi wanachotengeneza na jinsi inavyoenezwa. Juu ya tofauti ndogo namna hiyo wanadamu walijenga sheria kubwa. Hapa Kenya, kabla ya Uhuru wa 1963, watoto walitengwa katika shule mbalimbali kwa rangi zao.

Sasa turudi kwa wachuuzi. Tezi za figo hutoa homoni nyingine inayotuliza uvimbe. Mwaka 1950 Edward Kendall, Tadeusz Reichstein na Philip Hench walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni za jamii hiyo. Mwaka 1952 Marion Sulzberger na Victor Witten walionyesha kwamba homoni hiyo ikipakwa juu ya ngozi yenye ukurutu huiponya. Ilikuwa baraka kubwa. Watoto waliokesha wakijikuna walilala usingizi.

Lakini baadaye ikaonekana kwamba krimu za namna hiyo huipausha ngozi. Wachuuzi walipolijua, wakaziuza kwa watu wasio na ugonjwa wowote, ila walifundishwa kuichukia rangi yao. Mwenye kujichubua kwa krimu hizo hufurahi kwa majuma machache. Kisha ngozi yake huwa nyembamba kama karatasi, hupasuka michirizi, huchubuka kwa kuguswa tu, hutoka chunusi na kupata maambukizo upesi. Akizipaka mwili mzima kwa muda mrefu, homoni huingia katika damu, na tezi zake mwenyewe, zikiona kwamba mjumbe wa kigeni amejaa njiani, huacha kutuma wajumbe wao. Mwaka 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Hata hivyo sheria yaweza kufunga mlango wa duka. Mlango wa moyo hufungwa na elimu ya mwenyewe.

Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Nasi, baada ya kisa hiki, twaweza kuongeza kwamba wala haigizwi ovyo. Chunusi za leo, ndevu zinazochelewa na sauti inayopasuka ni habari zinazosomwa mwilini mwako kwa mara ya kwanza, na kila sehemu ya ngozi yako huzisoma kwa wakati wake na kwa namna yake. Mwenzako akitangulia, hajakushinda. Chunusi zikizidi na kuuma, mwendee daktari. Ziko dawa za kweli. Lakini mtu akikujia na chupa isiyo na maandishi ya maana, akakuahidi ngozi mpya kwa siku saba, mkumbuke yule mzee wa Paris na maji yake. Mwulize swali moja ambalo Berthold angaliuliza: umejaribu kwa jogoo wangapi, na uliwalinganisha na nani?